Jamaa Kwenye Sufuria

Sanamu ndogo za plastiki za mashujaa zina ugonjwa mmoja ambao huwezi kuuona kwenye picha za boksi: goti kukwama. Kiwandani wanapopaka rangi, rangi hupenya kwenye kiungo na kukaukia humo humo. Ukilazimisha, pini ya ndani inakatika, na shujaa aliyeumbwa kuokoa ulimwengu anabaki wa kutafutiwa mkongojo. Dawa yake wakusanyaji wote tunaijua: maji ya moto. Plastiki laini inalegea, rangi inaachia, unalikunja goti taratibu, halafu unamtumbukiza jamaa kwenye maji baridi akakamae vizuri.

Siku hiyo nilikuwa narekodi uhakiki wa jamaa mpya. Inchi sita, joho jekundu, vichwa viwili (kimoja kimetulia, kingine kinafoka) na jozi tatu za viganja vya kubadilisha. Mke wangu alikuwa ametoka. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, nilijua amelala chumba cha pili. Nikafunga mlango, nikategesha simu, nikaanza kwa sauti ya mtangazaji, maana sauti yangu ya kawaida kwenye video inasikika kama ya mtu aliyefiwa.

Sasa maneno yanayofuata naomba uyasome ukiwa nje ya huo mlango.

"Karibuni tena. Leo nimempata huyu bwana niliyemsaka kwa muda mrefu. Nguo nimeshamvua, tumwone mwili. Kifua safi, mabega yanazunguka bila shida. Ila goti la kushoto limekataa. Nimelivuta, nimelisokota, wapi! Viganja vyake vingine nimevitia kwenye mfuko visije vikapotea. Haya, tuone shingo… hii hapa! Kichwa kimetoka chenyewe. Kwa kichwa nampa tisa kwa kumi. Ngoja nikachemshe maji."

Nikaenda jikoni. Maji yalipochemka nikazima moto, kwa sababu plastiki haitaki kutokoswa, nikamzamisha jamaa hadi kifuani, mkono mmoja ukiwa juu kwa ile staili yake ya kuruka. Vichwa nikaviweka pembeni kwenye kisahani, vinatazamana. Kisha nikarudi chumbani kuchukua simu ili watazamaji waone tiba ilivyo.

Niliporudi, sufuria ilikuwa imefunikwa. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yake, mkono mmoja umekandamiza mfuniko, mwingine umeshika mwiko.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Mkwe asipokuitikia shikamoo, anza kukumbuka nguo zako ziko wapi.

"Baba," akasema polepole, "humu ndani kuna nani?"

"Ni sanamu tu, mama. Goti lake limekwama."

"Na kichwa?"

"Kipo kwenye kisahani hapo, mama. Vyote viwili."

Hilo la viwili ningeliacha. Mwiko ulipanda kidogo.

Mimi nikibanwa huwa natoa historia. Nikamwambia mama kwamba hii ni kazi ya watu wazima wenye akili zao, kwamba kampuni ya Hasbro walimtoa askari wao wa kuchezea, G.I. Joe, tangu mwaka 1964, karibu inchi 12, mwili wake una sehemu 21 zinazosogea. Kwamba baadaye kampuni ya Kenner wakaja na sanamu ndogo za filamu ya Star Wars, nyingi zikiwa na viungo vitano tu: shingo, mabega na nyonga.

"Hao wa vitano walikuwa na busara," akasema. "Goti hukuwa na la kuvunja."

Nikaendelea, kwa kuwa mwiko ulikuwa umeanza kushuka. Nikamweleza kwamba Krismasi ya 1977 Kenner walikuwa hawajamaliza kuzitengeneza, wakauza boksi lisilo na sanamu, lenye cheti cha kuagizia na makaratasi mengine, na sanamu zenyewe zikaja kwa posta mwaka uliofuata.

"Watu walinunua boksi tupu?"

"Ndiyo, mama."

"Wakampa mtoto?"

"Ndiyo. Na siku hizi wakusanyaji wanalitafuta boksi lenyewe kwa udi na uvumba."

Akavuta kiti, akakaa. Akanitazama kwa muda, si kwa hasira tena, kwa huruma. Halafu akanyoosha mkono. "Mlete huyo mgonjwa."

Nikafunua. Ule mkono uliokuwa juu ulikuwa umekunjwa na mfuniko, ukapita nyuma ya shingo isiyo na kichwa. Mama hakujali. Akamkausha kwa kanga, akamlaza pajani, akaanza kulikanda lile goti kwa kidole gumba, akipanda na kushuka, huku ananung'unika kwamba vijana wa leo wana haraka na maungo ya watu. Likalia *tk!* Likakunja. Akalikunjua, akalikunja tena, akanirudishia mtu wangu kwa miguu.

Wakati huo huo mke wangu akaingia, akakuta mama yake anaosha mikono na mimi nimemshika mtu mdogo, uchi, hana kichwa. Akatuangalia wote wawili, akaenda kubadilisha nguo.

Tatizo likabaki mkono. Kwa maji ya moto ulikuwa unyooke palepale, kwani plastiki iliyopinda ikipashwa hupenda kurudia umbo la kiwandani. Lakini mama alikwisha kupiga marufuku: huyu mtu hachemshwi tena muda wote atakaokuwapo yeye. Nikambandika kichwa kinachofoka, nikamalizia uhakiki nikimwonyesha kwa upande wa kulia tu.

Mama alishaondoka, ila kila akimpigia simu mwanawe, huomba apewe na mimi.

"Mgonjwa anatembea?"

"Anatembea, mama. Ila bado anajikuna mgongo."

"Mwache ajikune," anasema. "Amepitia mengi."