Kata Kulia, Uso Haujaingia

Yaani jana nimelala aplikesheni ya benki nzima kabisa, asubuhi naamka imejiapdeti. Wenzangu tusioona, wa TalkBack, ile sauti ya Android inayotusomea skrini, mnajua moyo unavyodunda hapo. Nagusa, "kitufe hakina jina". Natelezesha, "kitufe hakina jina". Vitufe saba vyote yatima, sasa kipi cha kutuma hela na kipi cha kufunga akaunti? TalkBack ipo tangu 2009, na kukipa kitufe jina ni fundi aandike maneno mawili tu, lakini wapi, wao wamebadilisha rangi. Rangi! Mimi nazipeleka wapi?

Nikasema sawa, mimi mtu mzima, umeme nitalipia Mwanjelwa, hapahapa Mbeya. Nafika kijiwe cha bajaji, aplikesheni eti ihakiki sura, weka uso ndani ya duara. Duara lipi, liko wapi? Nimenyoosha mkono kama natafuta netiweki mlima Loleza, akatokea utingo wa malori ya Tunduma, "mzee tulia nikuelekeze". Akaanza: "Leta! Leta leta leta... kata kulia, kata yote! Rudi nyuma kidogo, nyoosha, hapohapooo!" Nimerudi mpaka nimekalia beseni la parachichi la mama mmoja, mama yowe, utingo bado "leta leta", kijiwe kizima kinashangilia utadhani napaki Scania. Uso ukaingia. Simu ikatamka: "Sasa kopesa macho."

Utingo akaruka. "Benki inakopesha macho? Chukua fasta mzee, riba utaijua mbele!"

Kijiwe hoi. Haya yangu yamefumba tangu surua ya darasa la pili, nikayatikisa hivyohivyo kwa heshima zote, ikanijibu muda umeisha.

Namba ya kuthibitisha wanayotuma kwa meseji ndo usiseme, inasomwa kama bei ya kiwanja, laki nne na tisini na mbili elfu mia tatu kumi na saba, ikimaliza sekunde nazo zimeisha. Kupiga huduma kwa wateja, binti kwa sauti tamu, "bonyeza kile cha kijani". Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo toka 2010, labda nayo wameiweka ndani ya duara.

Aah nimechoka bwana. Umeme sijalipa, parachichi nne nimezilipa keshi, tena ndo ilikuwa nauli. Mama kaipokea, "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, halafu ananiuliza, hizi zilizopondeka unaziacha? Niziache niende na nini, nimezibeba kwenye rambo mpaka Soweto yetu ya Mbeya kwa miguu, na baridi hii ya Julai, na bado zilikuwa hazijaiva.