Acheni kunakili herufi za Kichina bila kuzifungua

Kumwambia mwanafunzi anakili herufi moja ya Kichina ukurasa mzima, bila kumwonyesha imeundwa na nini, ni kumtesa bure. Nalisema hili kwa uchungu, maana wapo watu wenye akili nzuri kabisa walioacha Kichina wakiamini kwamba kila herufi ni mchoro unaojitegemea, na kwamba michoro yenyewe ni maelfu. Sivyo. Sehemu kubwa ya herufi hizo, zaidi ya asilimia 80, zimeungwa kwa vipande viwili: kimoja kinadokeza maana, kingine kinadokeza sauti.

Chukua 青, inayosomwa qīng, rangi iliyo kati ya kijani na buluu. Iongezee maji (氵) upate 清, qīng, maji maangavu. Iongezee usemi (讠) upate 请, qǐng, kuomba au kukaribisha. Ukiweka moyo (忄) ni 情, qíng, hisia. Ukiweka jua (日) ni 晴, qíng, anga isiyo na mawingu. Weka jicho (目) na sauti inateleza kidogo: 睛, jīng, mboni ya jicho. Herufi tano hizo, na kazi ya kukariri imepungua zaidi ya nusu.

Kile kipande cha maana mara nyingi ndicho bushou, sehemu inayotumika kupanga herufi kwenye kamusi. Mpango huo tunaujua kutoka kwa Xu Shen, msomi wa enzi ya Han, ambaye karibu mwaka 100 BK alizigawa herufi zaidi ya 9,000 katika makundi 540. Kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716 ilitumia makundi 214, na idadi hiyo ndiyo inayotajwa hadi leo. Anayeanza hazihitaji zote. Maji, mti, mdomo, mkono, moyo, mtu, usemi na chuma vitamfikisha mbali.

Ila ipo moja ambayo sisi wa ukanda wa Bahari ya Hindi tungeipenda: 贝, ambayo kwa mwandiko wa jadi ni 貝. Ni kauri, yaani simbi. Katika China ya enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kauri zilikuwa mali ya thamani. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, lilipofukuliwa huko Anyang mwaka 1976 lilikutwa na kauri zaidi ya 6,000. Ndiyo maana kauri hiyo imo ndani ya 财 (mali), 货 (bidhaa) na 贵 (ghali). Imo pia ndani ya 贫, umaskini: juu kuna 分, kugawa, chini kauri. Mali iliyogawanywa hata ikaisha, na 分 hiyohiyo inadokeza sauti. Waganda nao walilipana kwa kauri hadi karne ya 19, kwa hiyo mwanafunzi wa Kampala hahitaji maelezo marefu hapa.

Ninachokipinga ni hadithi za kutunga. Utasikia kwamba 妈, mama, ni mwanamke na farasi kwa sababu mama anafanya kazi kama farasi. Hapana! Farasi, 马, anasomwa mǎ, naye yumo humo kwa ajili ya sauti tu, kama alivyomo ndani ya 骂 (kutukana) na 码 (namba). Hadithi ya namna hiyo inakusaidia kukumbuka herufi moja na kukuficha nyingine kumi. Tena, 来, kuja, ilianza kama mchoro wa mmea wa ngano, na bado unaonekana hivyo kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kasa ya enzi ya Shang. Ilikopwa kuandika “kuja” kwa sababu matamshi ya maneno hayo mawili yalifanana.

Wapo wanaonijibu kwamba vipande vya sauti havitegemeki, na mfano wao ni 江, mto, inayosomwa jiāng ilhali kipande chake 工 kinasomwa gōng. Hoja yao ina uzito, lakini herufi hiyo iliundwa zamani sana, na matamshi ya kaskazini yamehama tangu hapo. Waulize wasemaji wa Kikantoni wa kusini, huko Guangzhou na Hong Kong: 江 kwao ni gong, 工 ni gung.