Wahudumu wa Watu Wenye Ulemavu: Wafunzwe Ukumbini au Zamuni?

Katika huduma za watu wenye ulemavu jijini Nairobi, mafunzo ya wahudumu yamezoeleka kwa sura moja: semina ya siku mbili tatu kwenye ukumbi wa kukodi, chai ya saa nne, posho ya nauli, kisha cheti. Wanaoipinga wanataka fedha hizo zihamie kazini, mhudumu afunzwe akiwa zamu, mbele ya mtu anayemhudumia.

Hoja yao ina nguvu zaidi kwenye kazi za mikono. Chukua kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ulemavu unaoathiri misuli na mkao wa mwili. Aketi wima, nyonga zifike nyuma kabisa ya kiti, kichwa kiinamishwe mbele kidogo. Kijiko kiwe kidogo, kisijae, kije kutoka mbele, si kutoka juu. Mhudumu naye aketi, macho yao yalingane. Akilisha amesimama, mtoto humwangalia juu, shingo inarudi nyuma, na uji hupata njia ya kuingia kwenye koo la hewa. Asubiri mtoto ameze ndipo aongeze, na baada ya mlo asimlaze kwa takriban nusu saa.

Yote hayo mhudumu anaweza kuyaandika kwenye daftari la semina na kuyajibu vizuri kwenye mtihani. Yanaharibika saa saba mchana, watoto sita wakimngoja peke yake, mlo wa nusu saa ukibanwa kuwa wa dakika kumi. Dalili za chakula kuingia kwenye njia ya hewa zinajulikana: kukohoa kila mlo, sauti yenye majimaji, nimonia inayojirudia. Anayehitajika wakati huo ni mtu mwenye ujuzi, asimame kando na kusema, "Ngoja, bado hajameza." (Na pale ambapo wahudumu wenyewe hawatoshi, hakuna mafunzo ya aina yoyote yatakayoziba pengo hilo.)

Hata hivyo, kazini hurithishwa makosa pia. Mhudumu mkongwe aliyezoea kuinua watu kwa kuwashika makwapani atamfunza mgeni vivyo hivyo, na bega la mtu aliyepooza upande mmoja litaumia. Kuna mengine yasiyoweza kungojea yatokee. Mtu akipatwa na degedege la kifafa, mhudumu anapaswa kujua tayari: aangalie saa, amlaze kwa ubavu, asimtie kitu kinywani, asimkandamize, na zikipita dakika tano atafute gari la hospitali. Hilo hufanyiwa mazoezi kabla. Lugha ya Ishara ya Kenya nayo haiokotwi kati ya zamu mbili. Zito kuliko yote ni jinsi ya kuripoti unyanyasaji: haiwezekani kumwachia somo hilo mkongwe wa zamu, kwa kuwa huenda ndiye anayepaswa kuripotiwa.

Cheti nacho kisidharauliwe. Kwa mhudumu wa mshahara mdogo, ndicho atakachobeba akitafuta kazi kwingine. Mameneja huhofia kwamba akishafuzu ataondoka, na kweli wengine huondoka. Lakini asiyefunzwa akibaki, hasara humwangukia anayelishwa.

Kwa maoni yetu, semina hazitawali kwa sababu ya ubora wake. Zinatawala kwa sababu risiti ya ukumbi na orodha ya waliohudhuria ni rahisi kumwonyesha mfadhili. Saa za msimamizi kando ya kitanda hazina risiti.

Mfano wa kuchanganya njia zote mbili upo. Mafunzo ya msingi ya huduma za viti vya magurudumu yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 yana nadharia, lakini pia mazoezi ya kupima na kurekebisha kiti pamoja na watumiaji halisi. Vituo vyetu vinaweza kufuata utaratibu huo bila gharama kubwa: cheti kisitolewe siku ya mwisho ya semina, kitolewe baada ya msimamizi kumwona mhudumu akilisha, akihamisha na akigeuza mtu kitandani mara tatu, siku tofauti, bila kosa la hatari. Uangalizi urudiwe baada ya miezi mitatu. Anayehudumiwa aulizwe pia, na asiyezungumza aulizwe kwa ishara au kwa ubao wa picha. Na mtu mwenye ulemavu akialikwa kufundisha, alipwe ada ileile anayolipwa mkufunzi mwingine.