Chumvi ikae peke yake: unga wa supu ya mboga wa nyumbani

Siku mama aliporudi kutoka kliniki ya presha, sisi wa nyumbani hapa Tanga tulikiondoa kikopo cha chumvi mezani. Daktari alikuwa amemwambia apunguze chumvi, nasi tukaona tumetii. Miezi ikapita, kipimo hakishuki. Mama anameza dawa kwa saa, alfajiri anatembea hadi barabarani na kurudi, na bado kila akipimwa anarudi na uso uleule wa huzuni.

Jioni moja nilikuwa napika maharage, nikageuza pakiti ya kiungo cha mchuzi nikasoma yaliyoandikwa nyuma. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi ndicho kinachotangulia. Cha kwanza kilikuwa chumvi. Kwenye sufuria ile ya watu watatu nilikuwa nimeshatia vipande viwili vya supu, nusu ya pakiti ya unga, na kijiko cha chumvi juu yake kwa mazoea tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, kama kijiko kimoja cha chai. Kipande cha gramu 4 ambacho nusu yake ni chumvi kinakuja na gramu 2 zake. Nilikaa jikoni nikajiuliza ni mara ngapi nimempa mama sahani ile huku nikimwambia, "Kula mama, haina chumvi."

Tangu siku ile nina msimamo mmoja, na ndio ulionifanya niandike. Ladha na chumvi ni vitu viwili, na tatizo letu ni kuvinunua vikiwa vimefungwa kwenye karatasi moja. Ukitaka mchuzi ukolee, huna budi kuongeza chumvi. Ukipunguza chumvi, unabaki na mchuzi chapwa, na mgonjwa anasukuma sahani. Ndiyo maana sikubaliani na maelekezo mengi ya unga wa supu wa nyumbani yanayozunguka kwenye simu zetu, yanayosema vikombe vitatu vya mboga na kikombe kizima cha chumvi "ili usiharibike". Ukifanya hivyo umerudi kulekule ulikotoka, tofauti ni kwamba umejichosha. Mboga iliyokauka kweli haihitaji chumvi ili idumu. Inayohitaji chumvi ni ile iliyoachwa na unyevu.

Ladha yenyewe inatoka wapi basi, kama si kwenye nyama wala kwenye chumvi? Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo alichunguza supu ya kombu, mwani mpana wa Japani, akagundua kwamba utamu wake unatokana na glutameti. Mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kwa jina la Ajinomoto. Mimi si miongoni mwa wanaoiita sumu. Ninachokitazama ni kwamba glutameti hiyohiyo imo kwenye nyanya iliyoiva hadi ikalegea, na imo kwenye uyoga. Tena uyoga ukikaushwa unakuwa na kitu kingine ambacho kikikutana na glutameti, ladha inapanda kupita hesabu ya kujumlisha. Nyanya na uyoga mkavu pamoja vinafanya kazi ambayo kila kimoja peke yake hakiwezi. (Mwani tunaolima huku pwani yetu na Unguja ni wa jamii nyingine. Niliujaribu, supu ikawa nzito bila ladha ile, nikaacha.)

Mimi natumia uyoga mamama, ule mweupe unaokaa kama masikio. Vikombe viwili vya uyoga uliokwisha kauka, kikombe kimoja cha nyanya kavu, kimoja cha kitunguu maji, kimoja cha karoti, nusu kikombe cha majani ya liki na seleri, vijiko viwili vya kitunguu saumu, kijiko cha pilipili manga, nusu kijiko cha bizari nyembamba iliyokaangwa na binzari manjano kidogo kwa ajili ya rangi. Karoti na liki nanunua soko la Mgandini, zinashuka kutoka Lushoto. Bizari isizidi, maana ukizidisha kila chakula kitanukia pilau.

Mpangilio wa viungo kila mtu ataurekebisha kwa ulimi wake. Kazi iko kwenye kukausha, na hapo ndipo nilipopata hasara. Mara ya kwanza nilianza mwezi wa nne, masika imeshika. Nilikata vitunguu vinene, nikaanika asubuhi, mchana mvua, nikakimbilia ndani, kesho tena. Nilipoona vimesinyaa nikaamini vimekauka. Nikasaga vikiwa bado vya moto kutoka kwenye kikaango, nikatia kwenye chupa, nikafunga. Siku ya nne unga ulikuwa jiwe moja. Wiki ya pili chini ya chupa kulikuwa na ukungu wa kijani. Nilitupa chupa nzima, na nawe ukiona ukungu utupe yote, usikwangue juu ukaendelea na chini. Kazi ya siku tano na uyoga wa bei ile iliingia jalalani, na iliniuma.

Sasa naanika wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua linapochoma kweli. Nyanya natoa mbegu, nakata vipande vyembamba kama sarafu. Kitunguu nakata pete nyembamba zaidi. Karoti nakwangua kwa kikwangulio, nachovya kwenye maji yanayochemka dakika mbili ili isipoteze rangi, nachuja. Vyote vinakaa kwenye chanja juu ya waya, hewa ipite chini, na kufunikwa kwa kitambaa cha pazia chepesi. Tafadhali usitumie chandarua cha kulalia. Vingi vimetiwa dawa ya kuua mbu, na nimeona kwa macho yangu watu wakifunikia mboga. Magharibi naingiza ndani, maana umande wa usiku unarudisha kila ulichokausha mchana.

Kipimo changu ni mkono na sikio. Pete ya kitunguu iliyokauka ukiikunja haipindi, inavunjika na kulia ka! Ikipinda kama ngozi, irudi juani. Baada ya hapo napitisha vyote kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, kitunguu nikikiacha kiwe kahawia pembeni, kwa kuwa ule ukahawia nao ni ladha. Kisha naacha vipoe kabisa, kabisa, ndipo nasaga kwenye blenda na kuchekecha. Unga nagawa kwenye chupa ndogo kavu. Moja inakaa jikoni, nyingine kwenye friji zikiwa zimebanwa. Kijiko cha chai kinachoingia kwenye chupa kiwe kikavu, na usimimine unga juu ya sufuria inayotoa mvuke.

Sitakudanganya kwamba ni nafuu kuliko vipande vya dukani, maana si nafuu. Kilo moja ya nyanya inakupa gramu 50 au 60 za nyanya kavu, kilo ya uyoga gramu 100 hivi. Lakini nyanya za msimu, zile zinazobaki sokoni jioni zikiwa zimelegea na muuzaji anakuongezea bure, ndizo zinazofaa zaidi kwa kazi hii. Nchi hii tunatupa nyanya nyingi sana.

Jambo la pili lililonigusa ni la mama mdogo. Yeye ni Msabato, hali nyama miaka mingi. Alikuwa akija kwetu anachukua wali na kachumbari, mchuzi wa njegere anaupita. Siku moja aliniuliza polepole, "Mwanangu, humu hamna kuku?" Nikamjibu, "Hamna mama mdogo, ni ladha tu," bila kuwa nimesoma chochote. Baadaye nilisoma pakiti ya vipande vya supu nilivyotia, na mafuta ya kuku yalikuwemo. Nilimwomba radhi. Mtu akikwambia hali kitu, awe anafunga Kwaresima, awe Mhindu jirani yako, awe amekatazwa hospitali, anakukabidhi imani yake unapompakulia. Tangu nilipoanza kupika kwa unga huu, mama mdogo anaomba aongezewe mchuzi.

Kwenye matumizi, kijiko cha chai kilichojaa kinatosha nusu lita ya maji. Natia baada ya nyanya za sufuriani kuiva, naacha vichemke pamoja dakika kumi. Chumvi inakuja mwisho, kwa kupimwa, na wa mama napakua kabla haijaingia. Ndimu kidogo iliyokamuliwa mezani inaziba pengo kubwa la chumvi kuliko nilivyotegemea. Mtori wa ndizi bila nyama ndio uliopendeza kuliko vyote, kisha maharage ya nazi.

Mama ni Mgogo wa Mpwapwa. Nilipomletea chupa ya kwanza iliyofaulu aliifungua, akanusa, akachukua unga kidogo akausugua katikati ya vidole. Akasema bibi alikuwa akianika mlenda juu ya mwamba, akautwanga, akauhifadhi kwenye kibuyu mpaka mvua nyingine, na kwamba unga wenye maji ulijulikana kwa vidole kabla ya pua. Akasugua tena.

"Huu umekauka," akasema. "Ila kitunguu kizidi kidogo."

Januari hii amekaa mwenyewe kwenye mkeka karibu na chanja, anageuza pete za vitunguu moja moja, na kila moja anaijaribu kwa kuivunja karibu na sikio.