Haragwe la kabatini

Makopo mawili, pamba iliyoloweshwa, maharage matatu katika kila kopo. Moja likawekwa dirishani, jingine likafungiwa kabatini. Siku ya kumi mwalimu anayatoa yote mawili mbele ya darasa la pili na kuuliza: mmea upi umekua zaidi? Wa dirishani umesimama wima, kijani, kimo cha kidole. Wa kabatini umeupita karibu mara mbili. Darasa zima linajibu kwa sauti moja: wa kabatini! Na ubaoni, kwa chaki, imeshaandikwa sentensi ya siku: mmea unahitaji mwanga ili ukue.

Nimefundisha madarasa ya chini kwa muda wa kutosha kujua kinachofuata hapo. Mara nyingi kopo la kabatini huondolewa haraka na watoto husomeshwa sentensi ya ubaoni mpaka waishike. Nimewahi kufanya hivyo mimi mwenyewe. Kwa hiyo mwalimu mwenzangu anaponiambia kwamba majaribio haya yanawachanganya watoto na kula muda wa vipindi, simwoni kuwa mvivu. Ana hoja, na tunaoyapenda majaribio haya tunapaswa kuisikiliza kwa makini, hasa sasa ambapo mitaala yenyewe inatusukuma huko. Mtaala wa umilisi wa Kenya na mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2024 inataka mtoto ajifunze kwa kutenda.

Kuna hoja ya wingi wa watoto, na hiyo haina ubishi. Ada zilipofutwa katika shule za msingi za Kenya mwaka 2003, na michango ilipoondolewa Tanzania mwaka 2016, watoto waliokuwa nyumbani walikuja shuleni, na ni heri walikuja. Lakini ukiwa na watoto 80 katika chumba kimoja, makopo 80 hayana pa kukaa. Ukiwapa makopo manane kwa makundi, watoto wawili wenye sauti watagusa na wanane watatazama migongo. Kila mmoja atataka kumwagilia, na kufikia Ijumaa maharage yote yatakuwa yameoza. Kuna pia suala la vifaa kutoka nyumbani. Kumwambia mzazi alete pamba na maharage si jambo dogo katika nyumba ambamo maharage hayo ndiyo mboga ya jioni.

Hoja inayonigusa zaidi ni ya walimu wa vijijini. Mtoto wa Kasulu au wa Bungoma amekuwa akidondosha mbegu kwenye mashimo nyuma ya mama yake tangu ana miaka minne. Anajua kwamba mvua ikikatika mapema mahindi yananyauka, na kwamba palipolala mbolea ya ng'ombe mimea inanona. Unamfundisha nini kwa haragwe juu ya pamba? Ukimweleza kana kwamba hajawahi kuona mmea, unamfundisha kwamba anachokijua kwao hakihesabiki shuleni, na hilo atalikumbuka kuliko somo lenyewe.

Hata hivyo, shamba halimwonyeshi kila kitu. Shambani mambo huja pamoja: mvua, jua, udongo, mbolea, palizi. Mtoto anaona mavuno mazuri au mabaya, ila hana njia ya kujua ni kipi kilichofanya kazi ipi. Kopo linaruhusu kuondoa kitu kimoja na kuacha vingine vilivyo. Huo ndio ujuzi wenyewe, na kwa maoni yangu ni mkubwa kuliko orodha ya mahitaji ya mmea. Mtoto anayeweza kusema "makopo yote yana maji sawa, tofauti ni mwanga tu" ameanza kufikiri kisayansi hata kama hajui kuandika vizuri.

Sasa turudi kabatini. Haragwe halikudanganya. Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo vitabu vingi vya watoto huyachanganya: kuota na kukua. Ili haragwe liote linahitaji maji, hewa na joto la kutosha. Mwanga halihitaji, wala udongo halihitaji, kwa sababu chakula cha siku za mwanzo kimo ndani ya yale mapande mawili manene unayoyaona ukilibandua haragwe lililolowekwa usiku. Mche ulio gizani hutumia akiba hiyo kurefuka haraka, ukitafuta mahali penye mwanga, kama ambavyo ungefanya ukiwa chini ya udongo. Akiba inapokwisha, unaanguka. Kosa letu walimu ni kuusimamisha mchezo siku ya kumi, wakati wa kabatini bado unaongoza.

Ukiendelea hadi wiki ya tatu, darasa linaona jambo jingine kabisa: bua jembamba la rangi ya njano hafifu limelala ukingoni mwa kopo, majani madogo yamekunjamana. Na ukibadilisha swali, mambo hubadilika hata siku ile ya kumi. Usiulize upi mrefu. Uliza upi una nguvu, upi una majani mapana, rangi zao zinatofautianaje, bua lipi linasimama lenyewe. Watoto wa miaka saba wanayaona hayo yote wakiulizwa.

Kutafsiri vibaya jaribio zuri si aibu ya watoto peke yao. Jan Baptist van Helmont, mtaalamu wa karne ya 17 katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alipanda mti kwenye chombo chenye ratili 200 (ratili moja ni karibu nusu kilo) za udongo uliokaushwa na kupimwa, akaumwagilia maji kwa miaka mitano. Mti ulitoka ratili 5 hadi ratili 169 na zaidi kidogo, na udongo ukapungua wakia mbili hivi tu, yaani gramu chache. Akahitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Vipimo vyake vilikuwa safi. Hakujua kwamba mmea hutwaa sehemu kubwa ya mwili wake kutoka hewani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1648, na ilichukua zaidi ya miaka 100 mpaka daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, aonyeshe, mwaka 1779, kazi ya mwanga kwenye majani mabichi. Sisi tunataka darasa la pili lifike huko kwa dakika 40.

Ndiyo maana nasema baadhi ya majaribio yasubiri. Lile la kuonyesha kwamba mbegu inahitaji hewa, ambapo maji huchemshwa ili hewa itoke, hupozwa, kisha hufunikwa kwa mafuta ya kula ili isirudi, ni zuri kwa wakubwa. Mtoto mdogo ataondoka akiamini kwamba mafuta yameua mbegu, na hatujampa sababu ya kuamini vinginevyo. Kuna njia nyepesi: funga maharage matatu kwenye kijiti, kisha kisimamishe ndani ya glasi ili la juu liwe kavu, la kati liwe usawa wa maji, la chini lizame. La kati ndilo huota vizuri. La chini huweza kuvimba na hata kupasuka kidogo, maana maji nayo yana hewa kiasi. Mwalimu asishtuke, asubiri mpaka lioze. Joto nalo linategemea ulipo. Darasani Tanga huwezi kulionyesha, kila kopo lina joto. Njombe mwezi wa saba, kopo la nje na la karibu na jiko litazungumza lenyewe.

Gharama inapungua ukitumia choroko. Ni ndogo, kiganja kimoja kinatosha makundi yote, na huota ndani ya siku mbili hivi, kabla watoto hawajachoka kusubiri. Chupa za maji zilizokatwa zinatosha kuwa vyombo. La kuangalia sana ni mbegu za duka la pembejeo: mahindi yenye rangi nyekundu au ya waridi yamepakwa dawa, na hayafai kuguswa na mikono ya watoto.

Wapo wanaopendekeza tuache makopo, twende bustani ya shule. Naielewa hamu hiyo. Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 nchini Tanzania, ilitaka shamba liwe sehemu ya masomo, lakini katika shule nyingi shamba liligeuka mahali pa kumpeleka aliyechelewa namba. Wengi wetu tulishika jembe shuleni tukiwa tumekosa. Bustani inaweza kurudi kuwa darasa pale tu matuta mawili yatakapopandwa kwa makusudi tofauti, moja likiwa na mbolea na jingine bila, na watoto wakapewa rula na daftari pamoja na jembe. Hapo mtoto wa mkulima ndiye atakayewaongoza wenzake, na mwalimu atamsikiliza.

Kikwazo ninachokiona kikubwa kuliko pamba na makopo ni mtihani. Swali likiendelea kusema "taja mahitaji manne ya mmea", mwalimu mwenye watoto 80 atafundisha manne hayo kwa wimbo, na siwezi kumlaumu. Aulizwe mtoto hivi: haragwe lililofungiwa kabatini limeota na kurefuka kuliko la dirishani, eleza kwa nini, na useme litakuwaje baada ya wiki tatu. Aliyeimba wimbo tu atakwama, na aliyekaa na kopo lake kwa wiki tatu atakuwa na la kuandika.