Bibi anayelea mjukuu naye yuko kazini

Nina mwenzangu mmoja wa Kiingereza niliyekuwa naye zamu moja, mama wa miaka hamsini na kitu, aliyeacha kazi ili amlee mjukuu wake binti yake apate kurudi kazini. Juzi kaja kutusalimia. Katika mazungumzo akasema, kwa wepesi kabisa, kwamba anaandikiwa. Zile wiki anazokaa na mjukuu zinahesabiwa kwenye pensheni yake kama aliyekwenda kazini. Nilidhani nimemsikia vibaya. Nikaenda kutafuta mwenyewe, nikakuta ni kweli: utaratibu huo upo Uingereza tangu Aprili 2011. Bibi au babu ambaye hajafika umri wa pensheni, akimtunza mjukuu wa chini ya miaka 12 ili mzazi afanye kazi, mzazi anayepokea posho ya mtoto anaweza kumwachia yeye zile wiki za michango. Hapewi fedha mkononi. Lakini serikali imekubali kuandika kwamba yule mama hakuwa amekaa bure.

Tangu siku hiyo namfikiria mama yangu, aliyeko Wete, Pemba, na hasira hainiishi.

Binti yangu alikwenda kwa mama nilipoachwa na mume, akiwa bado wa kubebwa, akakaa huko mpaka umri wa kuanza skuli, nilipopata kibali cha kumleta huku Uingereza. Mie nilikuwa nafanya zamu katika nyumba ya kutunzia wazee na usiku nasoma, maana nilitaka niwe mkunga na bado nataka. Aliyemwosha, aliyemkesha kwa homa, aliyemshika mkono kumpeleka chuoni kusoma Kurani, aliyepanga foleni hospitali na kadi yake, ni mama mmoja mwenye magoti yanayomuuma. Na watu wote, ndugu zangu mwenyewe wakiwa wa mwanzo, walikuwa wakiniambia nisiwe na wasiwasi, mtoto yuko kwao, ana watu.

Watu gani? Hebu niambieni, maana nyie mnazijua nyumba zetu. Mjomba anakuja sikukuu na gauni. Shangazi anapiga simu. Jirani atamkemea akimwona barabarani, hilo nakiri na nalishukuru. Lakini saa tisa usiku mtoto anapotapika, anayeamka ni mmoja, na ni yule yule aliyeamka jana.

Kibaya zaidi ni baba wa mtoto. Kadhi aliandika matunzo, miezi ya mwanzo fedha zikaja, kisha zikakatika. Kila nikiuliza jibu ni moja: mtoto si yuko kwa bibi yake, kapungukiwa na nini? Yaani kazi ya mama yangu ndiyo iliyofuta deni la mwanamume mwenye nguvu zake na gari yake. Kila uji aliomnywesha mjukuu ulimfaa baba mtu kwanza. Na hili si langu peke yangu. Tembeeni nyumba kwa nyumba kuanzia Konde mpaka Mkoani, muulize kila bibi aliyezungukwa na wajukuu baba zao wako wapi na wanaleta nini.

Huku mambo mengine yananichosha, msidhani nawasifu tu. Skuli inafungwa saa tisa na robo mchana, zamu yangu haijesha, kwa hiyo mtoto anabaki klabu ya jioni na klabu inataka pauni zake. Ukichelewa basi likikwama njiani, unaongezewa. Mwisho wa mwezi inakuja ankara, kila saa na bei yake, na mie huwa nanung'unika nikiilipa. Lakini mwezi huu niliichukua ile ankara, nikakaa kitako, nikaanza kumpigia mama hesabu kwa bei ile ile: mchana, usiku, Ijumaa, sikukuu, miaka yote ile. Niliiacha kalamu kabla ya kufika mwisho wa mwaka wa kwanza, maana ilishapita mshahara wangu mzima.

Na hiyo ni hesabu ya kuangalia mtoto tu. Klabu inamwangalia, inampa tufaha na karatasi ya kuchorea, basi. Mama alikuwa anamfunza kuwa mtu wa ukoo wake.

Msimu wa karafuu, baada ya sala ya isha, walikuwa wakikaa jamvini kuchambua. Mama anashika kishada mkono mmoja, anakizungusha kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaanguka huku, makonyo yanabaki kule, na mdomo haupumziki: nani alipanda mikarafuu ile, nani alizaliwa na nani, shamba la nani linapakana na letu, kwa nini yule mzee tunamwita babu ilhali hatuchangii damu. Mtoto vidole vimekuwa vyekundu vya rangi ya karafuu mbichi, anajibu vitendawili huku anasinzia. Alipokuja huku, darasani walikuwa wakijifunza habari za dhoruba. Binti yangu akanyoosha mkono akasimulia kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, kama alivyosikia kwa bibi yake. Mwalimu alinisimamisha langoni kuniuliza mtoto kayajulia wapi. Nilijisikia mrefu siku ile, wallahi.

Sasa mrithi wa yote hayo anakua Kiingereza kikimjaa mdomoni. Karibu atahitaji somo, yule mwanamke wa kumfunza mambo ya utu uzima, na mnajua kwamba si kazi ya mama mzazi ile. Hakuna klabu ya huku nitakayoilipa inifanyie.

Kwa hiyo nasema wazi: bibi anayelea alipwe. Alipwe na baba kwanza, halafu na mzazi aliye mbali kama mie. Kadhi anapoandika matunzo amuulize mwanamke mtoto analala kwa nani, na jina la huyo mlezi liandikwe, fedha zimfikie yeye mkononi.

Najua yatakayosemwa. Ushakuwa Mzungu, unataka kumfanya mama yako yaya. Haya, nijibuni: mpwa wangu akipanda juu ya mkarafuu wa babu yake mwenyewe kuchuma, jioni hapimiwi pishi akalipwa? Nani aliyewahi kusema tumemvunjia heshima? Mwalimu wa chuo anapokea ada, na hakuna anayemwambia asubiri thawabu zake akhera. Vipi malipo yanakuwa ya Kizungu yakimfikia mama tu?

Na wanaotaka kuniletea dini, tufungue msahafu pamoja. Surat At-Talaq, aya ya 6: wake mliowaacha wakikunyonyesheeni watoto, wapeni ujira wao. Ni mama mzazi huyo, ananyonyesha mwanawe wa kumzaa, na Mwenyezi Mungu kamwekea ujira juu ya baba. Al-Baqara aya ya 233 inamtwika baba chakula na nguo. Hayo hayakuandikwa London. Sheria yetu ya Mtoto ya 2011 nayo inataka mtoto atunzwe na wazazi wake.

Mwengine atasema, wewe si ndiye uliyemwacha mtoto ukaenda Ulaya kutafuta makubwa. Nilikwenda, ndiyo. Wanaume wangapi wa Pemba wako Muscat, wako Dar, wako Mombasa, na watoto wamewaacha nyumbani? Wao huombewa dua. Wanaitwa wahangaikaji. Mie mwanamke niliyeachwa nikitaka kusoma, nikapeleka fedha kila mwezi, ndio naambiwa nimemtupa mtoto. Nakataa. Nilitaka binti yangu asije akawa na mama anayesubiri kuolewa tena ndipo apate sabuni ya kufulia.

Wala siji kuwafunza kwamba Waingereza wana huruma kutushinda sie. Wazee ninaowaogesha kazini wengine wana wajukuu ambao sijawahi kuwaona wakija. Sie Zanzibar ndio tulioanza 2016 kumpa kila mzee aliyefika miaka 70 Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, awe alifanya kazi serikalini au alilima muhogo maisha yake yote. Nchi ngapi kubwa kuliko sie hazijafika hapo! Najivunia jambo hilo na nalisema kwa kila anayenisikiliza. Ndiyo maana siamini nikiambiwa kwamba hatuwezi kuihesabu kazi ya bibi. Tunaweza. Mama yangu hajafika miaka 70. Miaka aliyochoka ndiyo hii, ya kulea, na katika miaka hii hakuna daftari hata moja lenye jina lake.

Mie nimeshaanza. Zamani nilikuwa natuma fedha za nyumba, zikachanganyika na umeme, na ada, na mazishi ya watu. Mtoto nimeshamchukua, lakini miaka ile bado naidaiwa, kwa hiyo sasa kila mwezi natuma na fungu la mama mbali, kwa jina lake, kwenye simu yake, na nimewaambia ndugu zangu halina mjadala. Kaka yangu mkubwa alinipigia akasema namharibu mama. Nikamuuliza lini mara ya mwisho alimpa kitu ambacho hakikuwa cha kula. Alikata simu.

Mama mwenyewe mwanzo alikuwa mzito kuzipokea. Akasema nimlee mjukuu wangu nilipwe, watu watasemaje? Nilimsomea ile aya, akanyamaza, akaniambia nimrudilie. Zile fedha kazitia kwenye upatu, na zamu yake ilipofika akalipia wachumaji. Mara hii mikarafuu ya babu haikukodishwa karafuu zikiwa bado changa kwa bei ya kutupa, kama miaka yote ambayo nyumba ilikuwa imejaa wajukuu na mfuko mtupu. Karafuu zimechumwa, zimeanikwa, zimeuzwa kwa jina lake.

Kwa mtalaka wangu bado sijafika. Msimu ujao nikipata likizo nakwenda nyumbani, na nitakwenda kwa kadhi nikiwa na mama ubavuni mwangu, tulidai deni lake lote.