Kimbunga Kilichopita Pembeni: Nani Hulipa Gharama ya Tahadhari?

Mwanzoni mwa Mei 2024, kwa siku tatu nne hivi, ukanda wote wa pwani ya Tanzania uliishi kwa jina moja: Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikuwa ikitoa taarifa baada ya taarifa kuhusu kimbunga hicho kilichokuwa kikisogea kutoka Bahari ya Hindi kuelekea Mtwara, Lindi, Pwani, Dar es Salaam na visiwa vya Unguja na Pemba. Usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ulisitishwa, wavuvi wakaambiwa wasitoke, na wenye ngalawa wakazivuta juu ya magogo mpaka chini ya minazi, mbali na pale maji yanapofika siku zote. Wenye mabati mabovu walipandisha mawe na viroba vya mchanga juu ya paa. Jumamosi ya tarehe 4 kimbunga kikafika Mafia kikiwa kimepungua nguvu, na usiku wake taarifa ikatoka kwamba kimekwisha. Dar es Salaam, jiji ambalo lilikuwa limejiandaa kwa hofu kubwa kuliko yote, lilibaki lilivyokuwa.

Hisia zilizofuata ndizo ninazotaka kuzichambua, kwa sababu naamini hatuzichukulii kwa uzito unaostahili. Kwanza kulikuwa na shukrani, na haikuwa ya mdomoni tu. Lakini haikupita siku mbili kabla manung'uniko hayajaanza: kwamba watu walitishwa bure, kwamba kazi zilisimama, kwamba fedha za wiki ziliishia kwenye unga na maji ya kuweka akiba. Wengine waliwajibu kwa ukali kwamba huko ni kukosa shukrani, na kwamba anayelalamika kwa kuwa maafa hayakumfika hajui anachokisema. Pande hizi mbili hurudia mabishano hayohayo kila tahadhari inapopita bila jambo, na kwa maoni yangu kila moja imeshika ukweli ambao nyingine haitaki kuusikia.

Nianze na wanaotetea tahadhari, kwa kuwa hoja yao kuhusu utabiri wenyewe haina jibu. Vimbunga ni nadra kwetu kwa sababu za kimaumbile: nguvu inayotokana na kuzunguka kwa dunia, ambayo ndiyo huufanya upepo ujizungushe kuwa kimbunga, ni hafifu karibu na ikweta. Nadra, hata hivyo, haina maana ya kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliivamia Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Mtabiri anayeona kimbunga kimeelekea pwani hana njia ya kujua, siku mbili au tatu kabla, kama kitageuka, kitakufa kwa kuvuta hewa kavu, au kitachanwa na pepo za juu zinazovuma tofauti na za chini. Anachoweza kukijua ni eneo pana ambamo kinaweza kupita, na eneo hilo huwa kubwa mara nyingi kuliko njia ambayo kimbunga huishia kuipita. Maana yake ni kwamba katika kila tahadhari iliyotolewa vizuri, wengi wa walioonywa hawatapatwa na kitu. Watu wengi kujiandaa na kusalimika ni sehemu ya kazi hiyo ikifanywa sawasawa.

Mfano wa wazi ni kimbunga Jobo cha Aprili 2021, ambacho kilitarajiwa kufika maeneo ya Dar es Salaam na Mafia tarehe 25 na kikafifia kabla hakijaleta madhara ya maana. Jobo kimebaki katika mazungumzo ya watu kama kielelezo cha tahadhari iliyopitiliza. Lakini tazama kalenda ya mwezi. Tarehe 25 Aprili 2021 ilikuwa katikati ya Ramadhani, siku mbili kabla ya mwezi kuwa kamili, yaani wakati ambapo bamvua inapanda na maji kujaa hufika juu kabisa ufukweni. Kimbunga husukuma bahari kuelekea nchi kavu. Kikifika wakati wa bamvua, maji yake huongezeka juu ya maji ambayo tayari yameshajaa. Hidaya, kinyume chake, alifika siku chache baada ya robo ya mwisho ya mwezi, wakati wa maji mafu, bahari isipopanda sana. Kwa hiyo kile cha 2021 tunachokikumbuka kwa dhihaka, kama kingefika na nguvu zake, kingeikuta pwani katika hali mbaya zaidi. Mtu hawezi kujua hayo kwa kutazama mtaa wake siku ya Jumatatu na kukuta hakuna mti uliolala.

Na hapa kuna jambo linaloniuma katika namna tunavyozungumza kuhusu Hidaya. Tunaposema hakikuja, tunasema kwa mdomo wa Dar es Salaam. Mvua zilizoambatana nacho zilikata barabara kuu ya kusini katika mkoa wa Lindi, madaraja na makalavati yakasombwa, na malori na mabasi yakakwama pande zote mbili huku abiria wakilala njiani. Wilaya za Kilwa na Mafia zilipata hasara. Mkazi wa Kilwa hawezi kuhesabu tahadhari ile kuwa ya bure. Kwa kuwa vyombo vya habari, ofisi na simu nyingi ziko Dar es Salaam, hukumu ya jiji ndiyo iliyogeuka kuwa hukumu ya nchi, na mkazi wa kusini atakapoisikia tahadhari ijayo atakuta imeshashushwa thamani na watu ambao hawakuloa.

Mtwara wanaujua mchanganyiko huu wa hisia katika sura iliyo nzito zaidi. Aprili 2019, wiki sita hivi baada ya kimbunga Idai kuuharibu mji wa Beira nchini Msumbiji, kimbunga Kenneth kilielekea mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Watu wa Mtwara waliambiwa wahame mabondeni na kandokando ya bahari, shughuli zikasimama, familia zikahamia maeneo ya juu. Tarehe 25 Kenneth kikaingia nchi kavu kusini ya hapo, katika jimbo la Cabo Delgado, kikaviharibu visiwa kama Ibo na miji kama Macomia, na watu zaidi ya 40 wakafa upande wa Msumbiji. Ng'ambo ya Ruvuma kuna Wamakonde kama walivyo Wamakonde wa huku, kuna watu waliooleana, kuna mashua zinazofahamiana. Kumshukuru Mungu kwa kunusurika kulikuwa ni kushukuru kwamba kimepita kwa ndugu. Hakuna utani uliotawala Mtwara baada ya Kenneth kwa kadiri ulivyotawala Dar es Salaam baada ya Jobo, na nadhani sababu ni kwamba walikuwa karibu mno na mahali kilipoangukia.

Hadi hapo inaweza kuonekana kwamba nimeshaegemea upande mmoja. Lakini wanaonung'unika nao wana neno, na neno lao linahusu fedha. Tuna desturi ya kuwanyamazisha kwa kuwaambia kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Msemo huo ni kweli, ila haumtaji anayeilipia kinga. Mwajiriwa wa ofisini aliyeambiwa abaki nyumbani siku ya kimbunga alipokea mshahara wake ule ule mwisho wa mwezi. Mvuvi hapokei kitu. Katika vyombo vingi vya pwani yetu mapato hugawanywa baada ya kutoa mafuta na barafu: fungu la chombo na nyavu, kisha mgawo wa mabaharia. Chombo kisipotoka, hakuna mgawo, na nyuma ya baharia mmoja yupo mama anayekaanga samaki, mchuuzi wa baiskeli, na muuza barafu ambaye barafu yake inayeyuka.

Kuna la zaidi. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hukaa nchi kavu. Siku za Jobo mbalamwezi ilikuwa imekaribia kukamilika, hivyo kuwakataza wasitoke kuliwagharimu kidogo. Siku za Hidaya giza lilikuwa limeanza kurudi, na mwezi mwandamo ulikuwa siku chache mbele. Tahadhari ile ile, amri ile ile, lakini safari hii ilikula usiku ambao ndio unaowalipia wa dagaa mwezi mzima. Anayemwona mvuvi huyo kuwa mtu asiye na shukrani hajaitazama hesabu yake. Alitii, akapoteza, na hakuna aliyerudi kumwambia hata kwamba kutii kwake kulikuwa na maana.

Kwa hiyo manung'uniko hayo ni halali hata pale utabiri ulipokuwa sahihi. Kosa hutokea pale hasira ya gharama inapogeuzwa kuwa hasira dhidi ya utabiri, kwa kuwa athari yake huonekana msimu mwingine kabisa. Kenya inatupa somo zito. Mwaka 2015 nchi hiyo ilijiandaa kwa El Nino ikiwa na kumbukumbu ya mafuriko ya 1997 na 1998, na mvua zilipokuja hazikufikia kiwango kile kilichoogopwa. Oktoba 2023, tahadhari ya El Nino ikiwa imeshatolewa, Rais William Ruto alitangaza kwamba utabiri umebadilika na kwamba nchi haitapata El Nino iliyokuwa ikiogopwa. Novemba mafuriko yakaja, kuanzia kaskazini mashariki hadi pwani, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Sitadai kwamba 2015 ndiyo iliyozaa kauli ya 2023. Ninachokiona ni kwamba kauli ya namna ile hupokewa kwa urahisi mahali ambapo watu wanakumbuka maandalizi yaliyoonekana kuwa ya bure. Kisha, tarehe 3 Mei 2024, baada ya mafuriko mengine kuua zaidi ya watu 200, Rais huyo huyo alionya kuhusu Hidaya na kuahirisha kufunguliwa kwa shule bila kutaja siku. Shule zilifunguliwa tarehe 13. Wapo waliosema safari hii alizidisha. Mimi nisingemlaumu kwa hilo, ingawa naelewa mzazi aliyekuwa amekwisha kulipa nauli ya mtoto anavyoiona siku ile.

Linalonisumbua zaidi ni ukimya unaofuata. Kabla ya kimbunga taarifa hutoka kila baada ya saa chache. Kikipita, inatoka moja ya kusema kimekwisha, na baada ya hapo hakuna anayerudi kwa wananchi kuwaeleza kwa nini kilififia, kilipita wapi, na nini kingetokea kama kingeshika njia nyingine. Pengo hilo hujazwa na utani. TMA ina lugha nzuri ya viwango, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, lakini mkazi wa pwani husikia mara nyingi kwa mwaka kuhusu upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, na sikio likishazoea, hata neno kubwa hupita kama lile dogo. Dawa yake si kupunguza matangazo. Mawimbi ya mita 2 huzamisha mitumbwi kweli. Ila tahadhari kubwa ikishatolewa, inastahili kufungwa kwa maelezo marefu kama yale yaliyoifungua, na yafike kwa redio za jamii na kwenye masoko ya samaki.

Halafu kuna fidia, na najua neno hilo huwatia watu wa hazina hofu. Sisemi kila aliyenunua maji arudishiwe fedha zake. Nasema serikali inapofunga bahari kwa amri, imechukua siku ya kazi ya kundi linalojulikana, na kundi hilo limeshasajiliwa: vyombo vina leseni, na katika mialo mingi kuna vikundi vya BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi ufukweni, vinavyowajua mabaharia kwa majina. Anayepinga atasema fedha hizo ni bora zijenge madaraja ya Lindi, na hoja yake ina uzito, kwa sababu daraja huokoa watu hata pale ambapo hakuna aliyesikia tahadhari. Atasema pia kwamba fidia itawavutia wadanganyifu. Hilo nalo ni kweli, kama ilivyo kweli kwa ruzuku ya pembejeo na misaada mingine ambayo hatujaacha kuitoa kwa sababu hiyo. Kiasi kinaweza kuwa kidogo, hata cha chakula cha siku mbili kwa baharia. Uzito wake ungekuwa kwamba tahadhari inayofuata, msimu wa Novemba hadi Aprili unaporudi na jina jingine likasikika redioni usiku wa giza, isimkute mvuvi akipiga hesabu ya kile alichopoteza mara ya mwisho huku amekwisha kushika kamba ya chombo.